Magunzi Kwenye Injini ya Sista

Karatu,
Jumapili mchana.

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine iongezee hapo hapo, maana najua Wifi hiyo ya kwanza ameisoma mbio ili awahi umbea. Wifi, nakuomba soma polepole, na usiruke pale ninapojisema vibaya. Mama asikie yote, hata yale ya kunicheka.

Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi ilikufikia, au alijichua mwenyewe? Na alizeti mmeshavuna, au bado mnagombana na ndege? Mimi ni mzima, alhamdulillah, ila baridi ya Karatu msimu huu haina adabu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka Ngorongoro, unaingia gerejini bila hodi, na spana ukiishika inauma vidole. Mikono yangu imepasuka kama visigino. Lakini nakula vizuri, nalala vizuri, na nina habari.

Uliniambia kwenye simu naongea kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Ni kweli, mimi na simu hatuelewani. Ndiyo maana leo nimenunua karatasi. Gereji imefungwa, chai iko pembeni, nikueleze jambo hili tangu mwanzo mpaka mwisho. Nataka kukushukuru, Mama. Wewe umetengeneza gari la watu huku Karatu, na hukujua.

Fundi Boay unamjua kwa jina. Ni yule Mwiraqw mwenye gereji, aliyenitoa shambani. Miaka miwili nilichuma kahawa ya watu kule kwenye miteremko, mpaka siku mashine ya kumenyea kahawa iliposimama akaitwa yeye kuitengeneza. Alihangaika nayo asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu changu nikamwambia beringi ya kushoto ndiyo inayolia. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia inalia tangu wiki iliyopita, ila hakuna aliyeniuliza. Akafungua, akaikuta. Jumatatu yake nikawa gerejini kwake nimevaa ovaroli iliyonizidi mikono.

Huu ni mwaka wa tatu. Lakini Mama, nisikudanganye, muda wote huo kazi yangu ilikuwa kuosha vipuri, kumwaga oili na kufunga tairi. Injini sikuwahi kuachiwa peke yangu. Mtu akiingia getini ananiuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" na mimi nimeshika spana, nimepaka grisi mpaka kwenye nyusi! Nilikuwa najibu kwa ukali, Fundi Boay ananikanya, nanyamaza, kesho narudia. Unanijua.

Sasa mwezi uliopita akaja Sista Paskalina. Usidhani ni mtawa. Ni nesi mkunga wa zahanati kule Baray, bondeni, njia ya kwenda Ziwa Eyasi, na watu wote wa huko wanamwita Sista. Ana gari lake dogo la Kijapani, na gari hilo ndilo tegemeo la wajawazito wa vijiji vile. Uzazi ukimgomea mtu, Sista anampakia na kumpandisha mlima mpaka hospitali huku juu. Siku hiyo gari lilikuja likivutwa na trekta la mkulima wa vitunguu. Sista mwenyewe alikaa kwenye usukani, mgongo umenyooka, kama vile anaendesha.

Aliposhuka hakusalimia sana. Alisema, "Fundi, nimechoka kudanganywa. Mafundi wawili wameniambia ninunue injini nyingine. Sina injini nyingine. Niambie kama hili litapanda mlima tena, au niliuze chuma chakavu nijue moja."

Fundi Boay akamuuliza lilianzaje. Sista alisema mwaka jana alimpakia mwanamke anayeitwa Veronika, uchungu umekwama. Walipofika katikati ya mlima gari likaanza kutetemeka, likakosa nguvu, likazimika. Akalijaribu mpaka betri ikachoka. Walikaa pale kwenye jua zaidi ya saa mbili wakisubiri gari lingine. Veronika alipona. Mtoto hakupona. Sista aliyasema hayo akiangalia ukuta wetu wenye kalenda, na sauti yake haikubadilika.

"Sasa ana mimba nyingine," akasema. "Miezi sita. Njia yake ni nyembamba, lazima afike hospitali. Lakini ameapa hapandi gari langu tena. Anasema atajifungulia nyumbani. Na mimi siwezi kumwambia panda, Fundi, wakati mwenyewe siliamini."

Baada ya hapo tulisahau hata chai. Fundi Boay alisikiliza injini kwa dakika chache, ilivyokuwa inakohoa na kutetemesha gari zima, akafungua lile bomba kubwa linaloingiza hewa. Akaniita. "Zaituni, tia tochi humo."

Nilishtuka. Kuna vifuniko humo ndani wanaviita valvu, vinafunguka na kufunga ili hewa iingie kwenye injini. Havikuonekana kama chuma hata kidogo. Vilikuwa vimejengewa masizi magumu, meusi, mazito kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni. Hewa ilikuwa inapita kwa kuomba ruhusa.

Fundi akanieleza, nami nakueleza. Kwenye injini za zamani petroli inapita juu ya valvu hizo ikienda ndani, kwa hiyo inaziosha kila siku bila mtu kujua. Kwenye injini kama ya Sista petroli inapulizwa moja kwa moja ndani, haizigusi kabisa. Kinachozigusa ni mvuke wa oili tu, unanata, unaungua, unanata tena juu yake. Miaka inakwenda, mlango unaziba. Injini yenyewe ilikuwa nzima, Mama. Ilikuwa inakosa pumzi.

"Hakuna injini ya kununua hapa," Fundi akamwambia Sista. "Huu ni uchafu, na uchafu unasafishwa." Kisha akanigeukia mimi. "Utasafisha wewe."

"Mimi?"

"Mkono wangu haupiti humo. Wako unapita. Ila sikia, ukikosea na kitu kikaingia ndani, au ukachuna pale valvu inapokalia, injini imekwisha kweli. Sista hatakuwa na gari, na mimi sitakuwa na sababu ya kukupa nyingine."

Alisema hivyo bila ukali, kama anavyosema mvua itanyesha. Usiku ule sikula vizuri.

Nilianza kwa dawa ya kopo, unapulizia, unangoja, unasugua kwa brashi ndogo ya waya. Siku mbili, Mama! Siku mbili nimeinama pale mpaka kiuno kikasahau kunyooka, na nilichopata ni nusu ya valvu moja. Masizi yale yalikuwa yananicheka. Fundi Boay akasema huko Arusha alikojifunzia kazi aliwahi kuona wakipulizia kwa upepo wa kompresa maganda ya karanga fulani ya Ulaya yaliyosagwa. Ganda hilo linashinda masizi kwa ugumu, lakini halishindi chuma, kwa hiyo linang'oa uchafu na kuacha valvu salama. Nikamuuliza karanga hizo zinauzwa wapi. Akasema, "Mbali." Basi.

Siku ya tatu akapigiwa simu, gari la watalii limekwama kule Ngorongoro kwenye barabara ya kupandia kutoka kreta. Akaondoka na wenzangu wote. Kabla hajapanda pikapu akaniambia niendelee taratibu, na nisije nikapuliza mchanga badala ya yale maganda, maana unachuna, nisiuguse hata nikishawishiwa na nani. Nikaitikia. Mchanga kweli sikuugusa.

Wifi, hapa ndipo usiruke.

Jirani na gereji kuna mama lishe, Mama Niima, anayetupikia makande na chapati. Ana kikaango chake cha chuma, kizito kama jiwe la kusagia. Kikishika ukoko anakilowesha kwa magadi na maji ya moto, na ukoko unabanduka wenyewe. Magadi hapa hayana shida, yanatoka huko Natron, upande wa Engaresero, sokoni yamejaa. Nikakitazama kikaango. Nikaitazama injini. Nikajiambia, ukoko ni ukoko, chuma ni chuma, na mimi ndiye mwenye akili peke yangu mji huu mzima.

Nikaomba magadi. Nikahakikisha valvu za silinda ya kwanza zimefunga, hilo nililifanya vizuri, nikachemsha maji, nikakoroga, nikavuta kwa lile bomba la sindano la kuchomea ng'ombe na kumimina ndani. Nikasimama nimeshika kiuno. Mama, nilikuwa tayari najipanga nitakavyomjibu Fundi atakaponiuliza nimejulia wapi.

Ndipo nikasikia inachemka. Nikatia tochi. Kulikuwa na mapovu madogo madogo, lakini hayakuwa kwenye masizi. Yalikuwa kando, kwenye ukuta wenyewe wa injini, ule mweupe. Na mweupe ule si chuma cha kikaango. Ni alumini. Ni sufuria.

Hapo nikakuona wewe. Nakuapia, nilikuona umesimama mlangoni pa jiko na kanga yako ya kijani, umeshika ile sufuria yako ya harusi niliyoichemshia maharage na magadi nikaiacha, ikawa nyeusi, ikaliwa vitobo, ikavuja. Ulinichapa, halafu ukalia, na mimi nikalia zaidi kwa sababu ulikuwa unalia. Ulisema, "Magadi ni ya chungu! Sufuria yanaila! Utaelewa lini wewe mtoto?" Nimeelewa juzi juzi, Mama, nina miaka thelathini na nne.

Niliyafyonza yale maji kwa bomba. Nikasuuza kwa maji safi, nikafyonza, nikasuuza tena, mara nne, nikakausha kwa upepo wa kompresa. Nikatia tochi. Pale yalipokaa palikuwa pamefifia, pamekuwa rangi ya majivu. Hapakuliwa. Nilipitisha kucha yangu kila mahali inapofika, na pale valvu inapokalia palikuwa laini kama palivyokuwa. Nikakaa chini sakafuni, nikasema alhamdulillah kwa sauti mpaka Mama Niima akauliza kama nimeumia.

Hakuna aliyeniona nikifanya. Masizi yangefunika, kazi ingeendelea, na hakuna ambaye angejua. Nililifikiria hilo mchana wote, sikufichi. Nilifikiria ovaroli yangu, nilifikiria kurudi kwenye kahawa, nilifikiria nikirudi Singida utaniangalia vipi, wewe uliyeniambia tangu mwanzo kwamba hiyo si kazi ya mtoto wa kike. Lakini kila nikishika brashi namwona yule Veronika nisiyemjua, amekaa kwenye jua.

Fundi aliporudi alasiri, kabla hata hajanawa, nikamwambia yote. Akachukua tochi, akainama, akaangalia kwa muda mrefu mno.

"Yalikaa dakika ngapi?"

"Hazifiki tano."

"Umesuuza?"

"Mara nne."

"Nani angejua?"

"Hakuna."

"Sasa mbona unaniambia?"

"Kwa sababu wewe una macho ya kuona kama pameharibika na mimi sina. Na huyo mama anatakiwa kupanda mlima na gari hili."

Akanyooka, akajipangusa mikono, akakaa juu ya tairi. Akaniambia alipokuwa kijana huko Arusha aliwahi kusahau kitambaa ndani ya injini ya mtu, akakumbuka saa ile ile gari linatoka getini, akanyamaza. Injini ikafa njiani. Mwenye gereji alipomuuliza akakataa, na mwenzake ndiye aliyefukuzwa. "Yule mwenzangu nimemtafuta," akasema, "nimekuta ameshafariki." Kisha akainuka. "Haijaharibika. Kesho endelea. Lakini hayo magadi mrudishie Mama Niima, yakapikiwe maharage."

Mama, nimeshukuru mara nyingi maishani, lakini si kama siku ile. Angeweza kunifukuza. Angeweza hata kunitukana tu, na ningesema ahsante.

Na kwa kuwa nilikuwa bado naiwaza sufuria yako, nikakumbuka na nyingine zilizobaki. Ulikuwa unazisugulia nini? Mchanga ulitukataza, ulisema unachuna. Ulikuwa unachukua gunzi la mahindi, unalichovya kwenye majivu, unasugua mpaka sufuria inang'aa, na haikuwahi kupata mkwaruzo. Nikamkimbilia Fundi. "Gunzi! Linashinda masizi na halishindi alumini!"

"Gunzi gani?"

"La mahindi!"

Alinitazama kama mtu aliyechoka kutazama. Lakini akaokota moja kwenye lundo la kuni la Mama Niima, akalisugua kwa nguvu kwenye mfuniko wa injini mbovu tuliyonayo, akapangusa, akaangalia kwa tochi. Hakuna mkwaruzo. Akalisugua tena. "Lisage," akasema.

Kusaga ndiko kulikonipa kazi. Magunzi yalikuwa na unyevu wa ukungu, nikayakaanga kidogo kwenye bati kama karanga mpaka yakakauka. Nikaazima kinu cha Mama Niima. Safari ya kwanza nilitwanga kwa hasira, yakawa unga, tulipojaribu kuyapuliza yakaziba mpira wa kompresa. Safari ya pili nikatwanga kama ulivyonifundisha kutwanga mtama, mchi unainuka wenyewe na kushuka wenyewe. Nikapepeta unga utoke, nikachekecha, nikabakiwa na chenga za ukubwa wa sukari, ngumu, safi. Wateja waliokuwa wamekaa pale walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akauliza, "Jamani, hapa mnatengeneza gari au mnapika?" Nikamjibu tunapika, na akae mbali asije akapakuliwa. Fundi akanikanya.

Tukazitia chenga kwenye ile bunduki ya kupulizia rangi, tukafunga kompresa. Pembeni nikaweka mashine ya kufyonzea vumbi tunayosafishia magari ya watalii, nikaziba nafasi zote kwa kitambaa, nikakihesabu kitambaa. Nikabonyeza. Mama! Masizi yaliyonitesa siku mbili yalianza kubanduka vipande vipande, na valvu ikatokea chini yake, ya kijivu, inang'aa, kama mtu anayeoga baada ya safari. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Silinda moja ikiisha nazungusha injini kwa spana mpaka valvu za inayofuata zifunge, nahakikisha, napuliza, nafyonza, natia tochi, namwita Fundi aangalie, ndiyo naendelea. Siku nzima. Mwisho wake nilipuliza hewa tupu mpaka nikawa na hakika hakuna hata chenga moja iliyobaki. Fundi naye akarudia, kwa sababu yeye ni yeye. Tulipofunga kila kitu na kuiwasha ilikohoa, ikatoa moshi mmoja mbaya, halafu ikatulia. Fundi aliweka glasi yake ya chai juu ya injini ikiwa inanguruma, na chai haikumwagika.

Sista alipokuja kuchukua gari, alimwambia Fundi Boay ahsante. Fundi akasema, "Mshukuru fundi wako," akanionyesha mimi kwa kidevu. Sista akanishika mikono yote miwili hivyo hivyo ilivyokuwa michafu. Akasema, "Basi fundi wangu, kesho unashuka nami Baray. Kuna mtu nataka akuone."

Tulishuka asubuhi. Vumbi la huko ni jekundu, na pande zote ni mashamba, watu wameinama kwenye vitunguu. Nyumba ya Veronika iko kando ya barabara. Alitoka akasimama mlangoni, mwanamke mrefu, kijana kuliko nilivyodhani, mikono ameikunja juu ya tumbo. Aliniamkia vizuri. Gari hakuliangalia. Sista hakumbembeleza. Aliliacha likinguruma, akashuka, akasimama pembeni.

Mwishowe Veronika akauliza, "Nani ametengeneza?"

"Huyu," Sista akasema.

Veronika akaniangalia toka juu mpaka chini. "Wewe ungempandisha mama yako humu?"

Nilitaka kusema ndiyo haraka haraka, Mama, ulimi ulikuwa tayari. Lakini nikaona huyu si mtu wa kuambiwa haraka haraka. Nikamwambia ningekupandisha, na nikamwambia sababu. Nikamweleza masizi, nikamweleza valvu, nikamweleza na magadi. Sista alikuwa hajui habari ya magadi! Alinikodolea macho. Lakini Veronika aliweka mkono mdomoni.

"Magadi? Uliitia injini magadi?"

"Nikaitia."

"Kama maharage?"

"Kama maharage."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, na Sista akageuka upande kujipangusa macho, akaniambia baadaye kwamba hajamsikia akicheka tangu siku ile. Kisha Veronika akaingia ndani, akatoka na kitenge begani, akafunga mlango kwa kufuli.

"Twende mpaka juu," akasema. "Kama ni kuzimika, lizimike leo, nikiwa na nguvu za kutembea."

Alikaa nyuma na mimi. Mlima ulipoanza akanishika mkono, akaukaza mpaka mifupa ikalia. Gari lilikuwa linavuta, Mama. Linavuta bila kutetemeka, sauti moja tu, na mimi nilikuwa naisikiliza kama ninavyosikiliza pumzi ya mgonjwa. Kwenye kona moja yenye jiwe kubwa alisema, "Hapa." Sista hakupunguza mwendo. Kona ikapita, ikaja nyingine, ikapita, na mara tukawa tumefika juu, kwenye tambarare, mashamba ya ngano yako mbele yetu.

Sista akasimamisha gari. Veronika akashuka, akarudi hatua chache, akaangalia kule chini tulikotoka. Sikujua nimfuate au nimwache.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

Tulilia wote watatu, pale pale kando ya barabara, na watu wa bodaboda walikuwa wanapunguza mwendo kutuangalia. Sina aibu kukuambia.

Tulimrudisha kwake. Aliingia ndani, nikadhani ametuaga, Sista akawa anageuza gari. Akatoka tena mbio na kifurushi kilichofungwa kwenye kanga mpya, akafungua mlango wa nyuma, akakiweka kwenye kiti. Nguo za mtoto. "Zikae humu humu," akamwambia Sista, "siku yenyewe nisije nikazisahau." Mpaka leo ziko humo kwenye gari, na siku zake hazijafika bado. Mtajeni kwenye dua zenu, jina lake ni Veronika.

Basi, Mama, hiyo ndiyo habari. Nakushukuru kwa ile sufuria, na kwa kunichapa, na zaidi kwa kulia. Nakushukuru kwa kinu na ungo. Nilikuwa nadhani niliondoka nyumbani mikono mitupu.

Nisalimie kaka Hamisi, mwambie apunguze kugombana na majirani kwa ajili ya mbuzi. Nisalimie shangazi anayeuza dagaa stendi, na mjomba wa kule kisimani ambaye hasikii vizuri, mpigie kelele asikie. Watoto wote wabusu mmoja mmoja. Wifi, ahsante kwa kusoma, na kama umecheka kwenye magadi, siku nikija utanipikia kuku wa kienyeji iwe fidia.

Mimi mwanao, ninayekuombea afya na magoti mazuri,

Zaituni